Tiketi ya bure ya kurudi Baraka: nani hasa anailipa?

Wengi wa watu wa Fizi waliopelekwa Marekani kutoka kambi ya Nyarugusu, huko Kigoma, walipanda ndege yao ya kwanza kwa deni. Kabla ya kuondoka walitia sahihi karatasi ya Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, IOM, wakikubali kurudisha bei ya tiketi zao na za watoto wao. Deni hilo halikuwa na riba. Malipo yalianza miezi sita baada ya kufika, kidogo kidogo kila mwezi, na aliyelipa vizuri alianza kujijengea jina la mtu mwaminifu mbele ya mabenki ya nchi ile.

Miaka mitano au sita baadaye, hadithi ya ndege inarudi kwa sura nyingine. Bahasha zinafika nyumbani, matangazo yanajaa kwenye simu: chukua kadi hii ya mkopo, tumia dola 4,000 katika miezi mitatu, upate pointi 60,000 na usafiri bure. Kwa mtu ambaye hajaiona Baraka tangu utoto, au aliyemwacha mama yake Mboko au Kazimia, neno "bure" lina nguvu.

Je, ni bure kweli? Jibu linategemea jambo moja: kama mwenye kadi analipa deni lake lote kila mwezi au la. Kwa anayelipa lote, pointi ni faida halali, ingawa ni ndogo kuliko inavyotangazwa. Kwa anayebakiza deni, tiketi ya bure huwa ghali kuliko ya kununua kwa pesa taslimu. Na mara nyingi anayeumia si yeye peke yake. Anaumia pia mtoto wa Baraka ambaye minervali yake haikutumwa mwezi huo.

Watu wengi, swali moja

Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996, wakati vita vilipowavusha watu wa Fizi na Uvira Ziwa Tanganyika kuelekea Kigoma. Kuanzia 2005 baadhi yao walirudi kwa meli hadi Baraka. Wengine walibaki, na baada ya miaka mingi ya kambi wakapata nafasi ya kuhamia nchi ya tatu. Katika mwaka wa bajeti wa 2016 Marekani ilipokea wakimbizi Wakongomani zaidi ya 16,000, na katika ule wa 2023 zaidi ya 18,000. Mlango huo ulifungwa Januari 2025, serikali ya Washington iliposimamisha mpango wa kupokea wakimbizi.

Kwa hiyo walioko kule ndio walioko. Wapya ni wachache, na waliotangulia wanafikia umri wa kuruhusiwa kusafiri bila hofu. Mkimbizi huomba kibali cha kudumu baada ya mwaka mmoja, na uraia baada ya mitano. Kabla ya uraia, wanasheria wa uhamiaji huonya: mkimbizi anayerudi katika nchi aliyosema ameikimbia anaweza kuulizwa maswali mazito mpakani. Ndiyo sababu wengi husubiri pasipoti ya Marekani kwanza, kisha ndipo wanaanza kuhesabu bei ya ndege.

Bei hiyo si ndogo. Tiketi ya kwenda na kurudi kati ya mji wa ndani wa Marekani na Bujumbura mara nyingi hupita dola 1,000, na wakati wa likizo hupanda zaidi. Tuseme ni dola 1,500 kwa mtu mmoja. Jamaa la watu watano litahitaji dola 7,500 kabla ya kununua hata soda njiani. Hapo ndipo kadi ya pointi inapoingia.

Pointi zinatoka wapi

Benki haina shamba la pointi. Kila mara mtu anapolipa dukani kwa kadi ya mkopo nchini Marekani, duka hukatwa sehemu ya pesa hiyo, kwa kawaida kati ya dola 1 na 3 katika kila dola 100. Sehemu kubwa ya makato hayo huenda kwa benki iliyotoa kadi, na benki humrudishia mteja kidogo kwa jina la pointi, maili au pesa. Mwenye duka naye hufidia makato kwa kupandisha bei. Anayelipa kwa noti mkononi analipa bei ileile iliyopandishwa, ila yeye hapati pointi yoyote.

Chanzo cha pili ni riba. Tangu 2023, wastani wa riba ya kadi za mkopo nchini Marekani umekuwa juu ya asilimia 20 kwa mwaka. Mwaka huohuo wa 2023, Benki Kuu ya Marekani ilichapisha utafiti wa wanauchumi waliokadiria kwamba mfumo huu wa zawadi huhamisha kama dola bilioni 15 kila mwaka kutoka kwa wateja wasioujua mchezo wa kadi kwenda kwa wanaoujua. Wanaobakiza deni ndio wanaowalipia safari wasiobakiza.

Ndiyo sababu Ulaya haina zawadi kubwa namna hii. Tangu Desemba 2015, sheria ya Umoja wa Ulaya imeweka kikomo: sehemu ya makato inayokwenda kwa benki iliyotoa kadi ya mkopo ya mteja wa kawaida haipiti asilimia 0.3 ya bei. Benki ikipata kidogo, nayo hutoa kidogo. Ndugu aliyeko Ubelgiji au Ufaransa asishangae kuona kwamba kadi yake haileti pointi kama ya ndugu yake aliyeko Kentucky au Iowa. Kosa si lake.

Kadi nne, matumizi manne

Zikipangwa kufuatana na maisha ya mtu aliyetoka Nyarugusu, kadi hizi zinagawanyika mafungu manne.

Fungu la kwanza ni kadi ya dhamana. Mteja huweka benki akiba yake mwenyewe, tuseme dola 200 au 300, naye hupewa ruhusa ya kukopa kiasi hicho hicho. Kadi ya namna hii huleta zawadi kidogo au haileti kabisa. Kazi yake ni kujenga jina. Kwa mtu ambaye bado hana historia ya mkopo, hii ndiyo ngazi ya kwanza, na hakuna haya kuanzia hapo.

Fungu la pili ni kadi ya kurudishiwa pesa. Mifano inayojulikana ni Citi Double Cash na Wells Fargo Active Cash, ambazo hurudisha asilimia 2 ya matumizi bila ada ya mwaka. Hapa hakuna haja ya kujua njia za ndege wala kalenda ya maili. Dola 2 kwa kila dola 100 zinarudi, na mtu anaweza kuzitumia kununua tiketi, kulipa umeme au kumtumia mama yake.

Fungu la tatu ni kadi ya safari ya benki, kama Chase Sapphire Preferred au Capital One Venture. Kila moja imekuwa na ada ya dola 95 kwa mwaka na zawadi kubwa ya kuanzia, ambayo hubadilika mara kwa mara. Nguvu yake ni kwamba pointi zinaweza kuhamishiwa kwenye programu za mashirika ya ndege mbalimbali. Pia kadi hizi hazitozi ada ya kulipa nje ya Marekani, ambayo kwenye kadi nyingine hufika asilimia 3.

Fungu la nne ni kadi ya shirika moja la ndege, kama United au Delta. Hii humfaa anayesafiri mara nyingi na shirika hilo, kwa mfano mwenye haki ya kubeba begi la kwanza bure kwenye safari za ndani. Kwa mtu anayekwenda Baraka mara moja katika miaka mitano, kufungwa na shirika moja ni hasara: maili zikipungua thamani, hana pa kuzihamishia.

Kwa wengi waliofika karibuni, fungu la pili linafaa kuliko la tatu, ingawa matangazo hulisifu la tatu. Kadi ya safari inalipa zaidi kwa mtu anayetimiza masharti matatu: ana akiba, ana matumizi makubwa ya kawaida, na ana muda wa kutafuta nafasi za tiketi za maili. Likikosekana sharti moja, asilimia 2 za kawaida humshinda.

Hesabu ya zawadi ya kuanzia

Tuchukue mfano wa zawadi ya pointi 60,000. Kwa thamani ya senti moja kwa pointi, ambayo ndiyo kipimo cha kawaida, hizo ni dola 600. Ukiondoa ada ya dola 95, zinabaki dola 505. Ni pesa nzuri. Lakini si tiketi nzima ya Bujumbura, mbali na tiketi tano.

Sharti ni kutumia dola 4,000 katika miezi mitatu, yaani dola 1,333 kila mwezi. Kodi ya nyumba mara nyingi haikubali kadi bila ada ya karibu asilimia 3. Kinachobaki ni chakula, mafuta ya gari, bima, simu na nguo. Jamaa linaloishi kwa mshahara mmoja wa kiwanda cha nyama au ghala la mizigo halifiki dola 1,333 kwa vitu hivyo bila kununua visivyohitajika. Hapo televisheni mpya hununuliwa "kwa ajili ya pointi".

Sasa tuseme mwezi wa tatu umeisha, pointi zimeingia, lakini deni la dola 4,000 bado limekaa. Kwa riba ya asilimia 22, mwezi mmoja huongeza kama dola 73. Deni hilo likikaa mwaka mzima bila kupungua, riba ni dola 880. Zawadi ya dola 505 imeshamezwa, na dola 375 nyingine zimetoka mfukoni juu yake. Wahenga walishasema: kukopa harusi, kulipa matanga.

Bila zawadi ya kuanzia, mwendo ni wa polepole. Anayepitisha dola 1,000 kila mwezi kwenye kadi ya asilimia 2 hupata dola 240 kwa mwaka. Kwa tiketi ya dola 1,500, atasubiri zaidi ya miaka sita. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba hiki ni kikubwa.

Linganisha na likelemba, ambayo kila Mkongomani anaijua. Watu kumi wakitoa dola 150 kila mwezi, kila mwezi mmoja wao anapokea dola 1,500, bei ya tiketi moja. Hakuna riba, hakuna ada, na katika miezi kumi wote kumi wamepata. Ina hatari zake, kwa sababu mmoja anaweza kula zamu yake na kutoweka. Lakini kwa mtu mwenye kundi la kuaminika, likelemba humfikisha Bujumbura haraka kuliko pointi. Asilolazimika kufanya ni kuchanganya mambo hayo mawili kwa njia mbaya: kuchukua pesa taslimu kwenye kadi ya mkopo ili kulipa zamu ya likelemba.

Maili zinafika Bujumbura, hazifiki Baraka

Kwa yule aliyetimiza masharti, kuna njia ya kuzipa pointi thamani zaidi ya senti moja. Siri iko kwenye miungano ya mashirika ya ndege. Ethiopian Airlines, inayounganisha miji ya Marekani kama Washington na Chicago na Addis Ababa, na kutoka hapo Bujumbura, ni mwanachama wa Star Alliance tangu 2011. Hivyo maili za United au pointi za Aeroplan ya Air Canada zinaweza kununua kiti cha Ethiopian. Kenya Airways, iliyoanza kuruka moja kwa moja kati ya Nairobi na New York mwaka 2018, iko SkyTeam, na maili za Flying Blue ya Air France na KLM zinaweza kufungua viti vyake.

Utaratibu ni huu: kwanza tafuta kiti cha maili tarehe unazotaka, na ukikiona ndipo uhamishe pointi kutoka benki. Anayehamisha kwanza na kutafuta baadaye hujikuta na maili zisizo na kiti, na pointi zikishahama kwa kawaida hazirudi benki. Viti vya maili ni vichache, hasa Desemba na Julai. Tena kodi na ada za viwanja hulipwa kwa pesa, hata kama tiketi inaitwa ya bure.

Maili zina faida moja kubwa kwa watu wa eneo lenye vita. Programu kadhaa huruhusu kufuta tiketi ya maili na kurudishiwa maili kwa ada ndogo au bila ada, wakati tiketi ya bei ya chini iliyonunuliwa kwa pesa huenda isirudishwe hata dola moja. Watu wa Fizi wanajua maana yake. Goma ilichukuliwa na M23 mwishoni mwa Januari 2025 na uwanja wake wa ndege ukafungwa. Bukavu na uwanja wa Kavumu vikafuata Februari. Desemba 2025 waasi wakaingia Uvira, maelfu ya watu wakakimbilia Burundi na wengine wakashuka kusini kuelekea Fizi, na mpaka wa Gatumba na Kavimvira ukafungwa. Aliyekuwa na tiketi ya Krismasi wiki hiyo alijua ghafla tofauti kati ya tiketi inayofutika na isiyofutika.

Faida ya pili ni wakati wa msiba. Tiketi inayonunuliwa leo kwa safari ya kesho huwa ghali sana. Bei ya maili katika baadhi ya programu haipandi kwa kiasi hicho, ikiwa kiti kimepatikana. Mtu mwenye maili za akiba anaweza kuwahi matanga ya mzazi wake ambayo angeyakosa. Hiyo ni sababu ya maana ya kutomaliza maili zote kwenye likizo. Lakini si sababu ya kuziweka miaka kumi. Maili hazizai riba, mashirika hupandisha bei za tiketi za maili yanapotaka, na programu nyingine hufuta maili za mteja asiyefanya lolote kwa muda fulani.

Baada ya Bujumbura, pointi zote zimekwisha kazi. Aliyechukua uraia wa Marekani lazima anunue viza ya kuingia katika nchi aliyozaliwa, kwa kuwa Katiba ya Kongo ya 2006, kifungu cha 10, inasema uraia wa Kongo ni mmoja na hauchanganywi na mwingine. Kutoka Uvira hadi Baraka ni kama kilomita 90 za barabara ya taifa namba 5, kupitia Makobola, Mboko na Lusenda. Wakati wa mvua mito hubomoa madaraja, na wakati wa vita vizuizi huongezeka. Wengine huzunguka Kigoma na kuvuka ziwa kwa boti. Dereva, mwenye boti na mwenye pikipiki wote wanataka noti, tena noti safi: dola iliyopasuka au kuchakaa hukataliwa katika soko la Baraka kama inavyokataliwa Kinshasa.

Kadi ya mkopo ina kazi ndogo hapo. Anayefikiri ataichomeka kwenye mashine ya benki ya Bujumbura ili kupata pesa ya njiani, ajue kwamba kutoa pesa taslimu kwa kadi ya mkopo kuna ada yake, riba huanza siku hiyohiyo, na hakuna pointi. Kwa kutoa pesa, kadi ya kawaida ya akaunti yake ndiyo inayofaa.

Mtego wa kutuma pesa

Kuna eneo jingine ambapo kadi na Baraka vinakutana mara nyingi zaidi kuliko safari: pesa inayotumwa kila mwezi. Wakaaji wengi wa Baraka, Fizi na rasi ya Ubwari hupokea kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money. Pesa hiyo ndiyo minervali, dawa, mabati ya nyumba na mtaji wa mama anayeuza ndagala. Kwa hesabu za Benki ya Dunia, kutuma dola 200 kwenda Afrika kusini mwa Sahara hugharimu kwa wastani karibu asilimia 8, yaani kama dola 16.

Tangu 1 Januari 2026 kuna kodi mpya. Sheria iliyotiwa sahihi Marekani Julai 2025 inatoza asilimia 1 ya pesa inayotumwa nje ikiwa mtumaji amelipa kwa pesa taslimu au hati zinazofanana na taslimu. Anayelipa kutoka akaunti ya benki ya Marekani, au kwa kadi iliyotolewa nchini humo, hatozwi.

Hapo mtego unajificha. Mtu anasikia "kadi haitozwi kodi", anatuma dola 300 kwa kadi ya mkopo, na anafikiri amepata faida mbili, kukwepa dola 3 za kodi na kupata pointi. Lakini mabenki mengi huhesabu malipo ya namna hii kama kutoa pesa taslimu. Ada huwa asilimia 5 hivi au dola 10, ile iliyo kubwa. Kwa dola 300 ni dola 15. Riba, ambayo kwa pesa taslimu huwa juu kuliko ya manunuzi, inaanza papo hapo. Pointi hazihesabiwi, na dola hizo 300 haziingii kwenye sharti la zawadi ya kuanzia. Amekimbia dola 3 akaangukia dola 15 na riba juu yake.

Njia salama ni kutuma kutoka akaunti ya benki au kwa kadi ya kawaida ya akaunti. Kodi ya asilimia 1 haipo na deni halizaliwi. Kwa anayetuma dola 300 kila mwezi, kuacha kulipa dola 15 za ada ni kuokoa dola 180 kwa mwaka. Hiyo ni karibu na dola 240 ambazo kadi ya asilimia 2 ingempa kwa kutumia dola 12,000 mwaka mzima.

Nani achukue, nani aache

Yanayofuata kutoka katika hesabu hizi si magumu. Mwenye deni la kadi lenye riba asitafute pointi yoyote kwanza. Kulipa deni la asilimia 22 ni faida ambayo hakuna kadi ya safari inayoifikia. Asiye na akiba ya angalau mwezi mmoja wa matumizi naye aache zawadi kubwa, kwa sababu gari likiharibika au saa za kazi zikipunguzwa, deni litabaki.

Mwenye mshahara thabiti, anayelipa hesabu yote kila mwezi kwa malipo ya moja kwa moja kutoka akaunti yake, anaweza kuanza na kadi ya asilimia 2. Akiona mwaka umepita bila senti ya riba, anaweza kuchagua kadi ya safari kwa wakati ambapo matumizi makubwa yanakuja yenyewe, kama bima ya gari ya miezi sita, na pesa yake ipo tayari. Mume na mke wanaweza kuchukua kwa zamu, mmoja akimaliza ndipo mwingine aanze, ili matumizi ya nyumba moja yalete zawadi mbili bila kununua kisichohitajika. Ada ya mwaka ikikaribia, apime tena kama kadi bado inamlipa.

Jambo moja lisifanyike hata kwa ndugu wa damu, nalo ni kumwazima mtu kadi anunulie tiketi "atarudisha akifika". Benki haimjui huyo ndugu. Inamjua mwenye jina kwenye kadi. Ndugu akikwama Uvira kwa miezi miwili kwa sababu ya vita, riba haikwami.

Na wanaoishi Baraka wana sehemu yao katika hesabu hii. Ndugu wa Marekani anapofika na mabegi, wengi huamini kwamba ana pesa nyingi, kwa kuwa amepanda ndege. Huenda alipanda kwa pointi, huenda kwa likelemba ya miezi kumi, huenda kwa deni ambalo atalilipa miaka mitatu. Jamaa inayomuuliza mapema safari imelipwaje, na kukubali aahirishe mwaka mmoja kuliko aje kwa deni, inalinda pia pesa yake yenyewe. Mwezi ambao riba ya kadi inakatwa huko Marekani, simu ya Baraka haipokei ujumbe wa M-Pesa.

Tiketi ya kwanza ya deni, ile ya IOM, ilikuwa na mwisho: idadi ya malipo ilijulikana, na hakuna senti ya riba iliyoongezwa. Ya pili inakuja na picha za bahari na neno "bure", lakini masharti yake yako nyuma ya karatasi kwa herufi ndogo, mahali riba inapoandikwa. Karatasi hiyo isomwe kuanzia nyuma.